Kabla Hujapaka Hicho Kipande Kichwani, Geuza Karatasi Usome Nyuma

Wacha niseme hii kitu mara moja, ndiyo tuache kurudiana kwa inboksi. Kipande cha shampuu kisichoandikwa viungo vyake sikipeleki kichwani mwangu, na siwezi kukuambia wewe upeleke. Sijali kama kimefungwa na kamba ya katani, sijali kama kuna jani la aloe limechorwa mbele. Mbele ya karatasi ni matangazo. Habari iko nyuma, na kama nyuma hakuna kitu, basi hakuna habari.

Nasema hivi kwa sababu hizi shampuu ngumu zimeingia kwetu kwa kasi. Ukitembea kwa saluni za Migori mjini, Rongo, Oyugis, Homa Bay, utazikuta kwa shelfu karibu na mafuta ya nywele. Na kusema ukweli, wazo lenyewe ni zuri. Shampuu ya chupa ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hivyo unalipia mtu akubebee maji kutoka Nairobi. Kipande hakimwagiki kwa begi, hakina chupa ya plastiki ya kutupa, na kama unakaa Mfangano ambapo kila kitu kinakuja na boti, uzito mdogo ni pesa. Mimi si adui wa vipande. Nataka tu kujua niko na nini mkononi.

Kuna muuzaji mmoja, jina lake nitaliacha hapo, alitaka nimfanyie video mbili. Kipande kimoja shilingi 700. Mbele kimeandikwa "asilia asilimia mia, bila kemikali". Nikamuuliza viungo. Akanijibu ni siri ya biashara. Nikamwambia dada, mimi siombi kipimo cha kila kitu, nataka majina tu. Akasema watu wa huku hawasomi hayo mambo, "wanataka tu povu na harufu." Hizo video sikufanya. Na hiyo sentensi yake ya mwisho ndiyo imenifanya niandike leo, kwa sababu naona tunasoma. Tatizo ni kwamba hakuna mtu ametuonyesha tuanzie wapi.

Tuanze na hilo la "bila kemikali". Hakuna kitu kama hicho. Maji ni kemikali. Sabuni yenyewe huzaliwa kwa mmenyuko wa kemikali: unachukua mafuta, unayakutanisha na alkali kali, yanageuka kuwa sabuni na gliserini. Zamani alkali ilitoka kwa majivu, siku hizi ni kostiki soda. Kwa hivyo ukikuta "sodium hydroxide" kwa orodha ya kipande, usikimbie. Ndiyo hiyo kostiki, na kama aliyetengeneza alipima vizuri, yote ilishaisha kwa kugeuza mafuta. Wengine wanaandika kwa njia ile nyingine, yaani jina la kilichotokea baada ya kupika: "sodium cocoate" ni mafuta ya nazi yaliyogeuka sabuni, "sodium palmate" ni mawese, "sodium palm kernelate" ni mbegu ya mchikichi, "sodium tallowate" ni shahamu ya ng'ombe. Ukiona jina linaisha hivyo, na lina sodiamu mbele na jina la mafuta katikati, uko na sabuni. Sabuni kabisa, kama ile ya kuogea.

Na hapo ndipo kuna shida yenyewe. Vitu viwili tofauti vinauzwa kwa jina moja.

Cha kwanza ni hiyo sabuni niliyoeleza. Cha pili ni shampuu halisi iliyokaushwa na kugandamizwa. Haina sabuni ndani, ina kisafishaji cha aina nyingine kilichotengenezwa kiwandani, mara nyingi pia kutoka kwa mafuta ya nazi. Jina la kutafuta ni "sodium cocoyl isethionate". Ndiyo, ni refu na linatisha. Lakini ukilikuta la kwanza au la pili kwa orodha, kipande chako ni shampuu kweli. Viungo huandikwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi kwenda kile kidogo, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia moja, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Kwa hivyo majina matatu ya kwanza ndiyo kipande chenyewe. Ile aloe, ile asali, yale mafuta ya nyonyo waliyochora mbele kwa rangi tatu, angalia viko namba ngapi. Vikiwa mwisho kabisa karibu na harufu, jua viliitwa kuja kupiga picha tu.

Tofauti ni gani sasa kichwani? Hapa nitachukua mfano wa nyumbani. Mtu wa Kendu Bay anajua Simbi Nyaima, lile ziwa la magadi lenye flamingo. Ukitia mkono pale, maji yanateleza kwa vidole kama umeshika sabuni. Hiyo ni alkali, inashika mafuta ya ngozi yako na kuanza kuyageuza. Maji ya Simbi yako karibu na 10 kwa kipimo cha pH. Sabuni halisi, hata ile iliyotengenezwa kwa mapenzi yote, ikishayeyuka kwa maji inakaa kati ya 9 na 10. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, na unywele wenyewe uko chini ya hapo. Na hicho kipimo hakipandi kama rula. Kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 5.5 mpaka 9.5 ni mara elfu kumi. Siwezi kukuambia nywele zitaanguka kesho, hiyo ni chumvi ya watu wa video. Ninachokuambia ni kwamba alkali inainua magamba madogo yaliyofunika unywele, nywele zinakuwa na msuguano, zinashikana, kitana kinakwama, unavuta, zinakatika. Nywele zetu zimejikunja, na mafuta ya ngozi yanapata taabu kusafiri kutoka shinani hadi nchani, kwa hivyo tayari ni kavu kabla hujaziosha.

Najua mtu ataandika chini hapa: "Nyanya yangu ameosha kichwa na sabuni ya kipande maisha yake yote na bado yuko sawa." Sawa kabisa, na nyanya yako namheshimu. Lakini muulize nywele zake zilikuwa urefu gani. Kichwa kilichonyolewa, au nywele za nusu kidole, hazina shida hii. Zinakatwa kabla hazijazeeka. Ndiyo maana wasichana wengi wanagundua haya mambo baada ya Fomu Foo, wakitoka shule ambayo miaka minne walikuwa wananyoa na kuosha na sabuni ile ile ya nguo. Nywele zinaanza kurefuka, sabuni ni ile ile, na ghafla kila kitu kinakatika. Wanafikiri wamerogwa. Wanakimbilia dawa ya kunyoosha, ambayo ni alkali kali mara nyingi zaidi ya sabuni yoyote. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na nitaileta.

Halafu kuna maji. Hii kitu wauzaji wa Nairobi hawaifikirii kabisa. Sabuni halisi ikikutana na maji magumu, yaani maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, inaungana nazo na kufanya utando mweupe usioyeyuka. Unaujua: ni ule unaobaki kwa beseni. Sasa fikiria uko kwa nywele zako. Wenye dredi ndio wanaumia zaidi, kwa sababu utando unaingia ndani ya kamba na hautoki. Maji ya ziwa ni laini kuliko ya visima vingi. Kwa hivyo binamu wawili wanaweza kununua kipande kimoja, mmoja anakaa Mbita anaosha na maji ya ziwa anakisifu, mwingine yuko mbali na ziwa anatumia maji ya kisima na anasema amepewa feki. Wote wanasema ukweli. Kama maji ya kwenu hayatoi povu mpaka upake sabuni mara tatu, sabuni kichwani itakusumbua. Tumia ya mvua ukiweza, au suuza mwisho na kijiko kimoja cha siki kwa jagi kubwa la maji. Siki inavunja ule utando. Shampuu ile ya aina ya pili haifanyi utando huo, ndiyo maana mimi naipendelea kwa watu wa visima.

Majina mengine haraka haraka, kwa sababu mnaniuliza kila wiki. "Cetyl alcohol" au "cetearyl alcohol" si pombe ya kulewesha. Ni kitu kama nta, kinalainisha, kinafanya kipande kishikane. Kama mama yako ni Msabato na ameona hilo neno akashtuka, mwambie awe na amani. "Stearic acid" pia ni ya kushikanisha. "Behentrimonium methosulfate" inaonekana kama ile salfeti watu wanaogopa, kumbe ni kondishena, na ni rafiki. "Citric acid" ni asidi ya ndimu, inaleta kipimo chini kwa shampuu halisi. Kwa sabuni, asidi hiyo haiwezi kukushushia pH mpaka 5.5, kwa sababu ukiilazimisha sabuni ifike huko inavunjika na kurudi kuwa mafuta. Kwa hivyo mtu akikuuzia sabuni ya "sodium palmate" na kusema ina pH ya nywele, ujue hapo kuna uongo.

Kuna neno moja linaloonekana zuri na ambalo ningependa ulitazame mara mbili. Ni "sodium coco sulfate". Wengi wanaweka hilo kisha mbele wanaandika "haina SLS". Sasa mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na ukiyageuza yote kuwa salfeti, sehemu kubwa ya unachopata ni hiyo hiyo SLS, pamoja na ndugu zake. Sisemi ni sumu. SLS ni kisafishaji chenye nguvu, inaweza kukukausha, basi. Ninachokataa ni mtu kubadilisha jina la kitu halafu anitoze zaidi.

Na "parfum" ni neno moja linaloficha vitu vingi, hata ishirini au zaidi. Kama kichwa kinakuwasha au una vipele kwa shingo baada ya kuosha, anza kushuku hapo.

Hauna karatasi? Kipande umepewa kwa kipochi kitupu? Kuna jaribio la jikoni. Chukua bizari ya manjano, koroga kidogo na maji, paka kwa karatasi nyeupe, acha ikauke. Lowesha kipande chako, chukua povu lake, weka tone juu ya ile manjano. Ikibadilika kuwa nyekundu ya kahawia, una alkali, yaani sabuni. Ikibaki manjano, kuna uwezekano mkubwa una shampuu. Fanya na sabuni ya kufulia pembeni ili uone tofauti. Nilifanya na vipande vitano nilivyokusanya kwa marafiki, na vitatu viligeuka vyekundu. Vyote vitano vimeandikwa shampuu.

Sasa tufike kwa jambo ambalo linanifanya nisicheke na haya mambo ya lebo.

Sisi watu wa Migori tunajua zebaki kwa macho. Kule Macalder na Osiri, mawe yakishasagwa kuwa unga, mchimbaji anamimina zebaki kwa beseni, inashika vumbi la dhahabu na kulikusanya, kisha inachomwa moto na mvuke unaenda hewani. Kila mtu anasema ile kitu ni hatari, ingawa kazi inaendelea. Lakini wangapi wanajua kwamba zebaki imewahi kuuzwa kwetu ikiwa kipande cha sabuni?

Miaka ya tisini, daktari Mjapani Masazumi Harada, ambaye alifanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa Minamata, alikuja na wenzake kupima nywele za watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Nywele huhifadhi zebaki, ni kama daftari. Upande wa Tanzania walitarajia kukuta wachimba dhahabu ndio wamebeba mzigo. Wakakuta pia watu wenye zebaki nyingi sana ambao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wanatumia sabuni ya kung'arisha ngozi. Mwaka 2001 wakachapisha matokeo ya Kenya, na habari ilikuwa ile ile: sabuni yenye zebaki, na watumiaji wanaolalamika kutetemeka, uchovu na kizunguzungu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1972, madaktari wa Nairobi walikuwa wameandika kuhusu watu wazima waliougua figo, na wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha. Na sabuni nyingi za aina hiyo zilitengenezwa Ulaya, ambako hazikuruhusiwa kuuzwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 2003. Yaani kabla ya hapo haikufaa kwa ngozi yao, lakini kwetu ilikuwa biashara.

Kuna Mkataba wa Minamata sasa, ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Ulianza kwa kuzuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, kisha mwaka 2023 nchi zikakubaliana vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viishe kufikia 2025. Karatasi ni nzuri. Lakini kipande bado kinaweza kupita mpaka ndani ya begi, na Isebania ni mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Utaniambia hizo ni sabuni za kung'arisha, si shampuu. Ni kweli, na sijasema kipande chako cha shampuu kina zebaki. Lakini fikiria bafu letu la kawaida. Kipande ni kimoja kwenye kopo la Blue Band. Kinaanza usoni, kinapanda kichwani, kinashuka kwa mtoto. Na watu walioosha na zile sabuni hawakuwa wajinga. Walikuwa na kipande mkononi, kama wewe, na hawakuwa na njia ya kujua. Kwa hivyo mtu akiniambia orodha ya viungo ni siri ya biashara, mimi nasikia kitu kingine.

Maneno ya kukimbia ni "mercury", "mercuric iodide", "mercurous chloride", "calomel", na alama "Hg". Na kuna dalili moja ambayo mtu wa Nyatike ataielewa haraka kuliko profesa: karatasi ikikuonya usiguse pete, mkufu, dhahabu au fedha ukiwa unatumia hiyo bidhaa, jiulize kwa nini. Ni kitu gani kinachoshika dhahabu?

Naomba nisieleweke vibaya na kina mama wanaopika sabuni kwenye vikundi. Sabuni yenu wengi wenu ni safi, na kwa mwili ni nzuri sana, kwa sababu gliserini inabaki ndani. Ninawaomba vitu viwili tu. Iiteni sabuni, kwa sababu ndiyo. Na andikeni viungo, hata kwa mkono, hata kwa Kiswahili au Dholuo: mafuta ya nazi, mawese, kostiki soda, maji, harufu. Hiyo karatasi ndogo inawaweka mbele ya yule wa 700 anayejificha. Mkitaka kuuza kwa maduka makubwa mtahitaji alama ya KEBS hata hivyo, na wana mpango wa wafanyabiashara wadogo.

Kwa sisi wanunuzi, hiyo alama ina namba chini yake. Andika SM, alama ya reli, kisha namba, tuma kwa 20023, itakujibu ni ya nani na ya bidhaa gani. Watu wanapiga picha alama na kuibandika popote, kwa hivyo usiishie kuitazama. Iulize. Bidhaa ya kutoka nje inatakiwa iwe na stika ya ISM. Na kama dada wa saluni ndiye anakuosha, muulize kwa heshima anatumia nini. Ni kichwa chako na ni pesa yako. Nimeuliza saluni nne mpaka sasa. Tatu walinionyesha chupa au kipande bila shida, mmoja akaniambia nimekuja kumchunguza. Hapo sikukaa.

Wiki ijayo nataka nikae chini na orodha zenu halisi. Nitumie picha ya kipande unachotumia, andika uko wapi na maji yako ni ya ziwa, ya mvua au ya kisima. Na tafadhali, omera, ya mbele nimeshaiona. Piga ya nyuma.